Nyota Nne za Shuka

"Toa shuka lako kwenye kamba yangu, na huo uongo ulioutarizi uende nao!"

"Uongo wa nani, Mama Baridi? Angalia mdomo wako, watu wana masikio."

Walikuwa nayo kweli. Madirisha mawili ya jirani yalishafunguka. Mshonaji alisimama uani, mikono kiunoni, mbele ya shuka alilolimaliza asubuhi hiyo: nyota nne za uzi mweupe, zimekaa kimsalaba. Mumewe ndiye aliyezichora kwenye karatasi, akaipiga picha na kuituma: hizi ndizo ninazoziona dirishani huku kaskazini, nikiziona nakuona wewe. Mwaka wa tatu huu yuko huko ng'ambo, kiwandani. Naye mkewe alishafunga kibanda chake, anashonea chumbani, ili mama mkwe asikae peke yake.

"Mji huohuo wa baridi nimefagia maofisi miaka tisa," alisema Mama Baridi. "Jina hili mlinipa kwa nini? Natoka kazini usiku, nainua macho. Hizo nne sikuziona hata kwa dawa. Siku niliyorudi nikazikuta juu ya paa, nikalia kama mtoto."

"Labda mawingu."

"Mawingu ya miaka tisa! Dunia ina tumbo kama tikiti, mwenzangu. Sisi tuko ubavuni, tunachungulia huku na huku. Aliye juu karibu na kikonyo, tumbo linamziba. Hizo za kusini ataziona wapi?"

"Basi alichora kwa kukumbuka. Mtu kukumbuka kwao ni dhambi?"

"Si umuulize."

Mshonaji akapiga simu palepale, akaweka sauti juu, mbea huyu aumbuke mbele ya watu. Mama mkwe, aliyekuwa kizingitini akichambua mchele, akasita.

"Mume wangu, zile nyota nne unaziona kweli, au ulizichora kwa kukumbuka?"

"Kukumbuka nini tena? Jana tu nimeziona, juu ya bomba la moshi la kiwanda. Nikakuombea dua."

Mama Baridi hakucheka. Hapo ndipo mshonaji alipoogopa.

"Kata simu, mwanangu," alisema mama mkwe. "Yuko mji wa pili tu hapo. Ana mke. Ana mtoto."

"Na wewe ulijua?"

Mshonaji akazikumbuka safari za mama mkwe za kila mwezi, eti kwa daktari wa magoti. Yeye ndiye aliyekuwa akimfungia begi. Akavikumbuka vishuka sita alivyoombwa, eti vya mjukuu wa shoga yake, akavitarizi vifaranga kimoja kimoja, bila haraka, kama anayemshonea mtoto wake.

"Mama, vile vifaranga vilikuwa vya nani?"

"Ningekwambia ungeondoka," mama mkwe alijibu, macho kwenye ungo. "Nani angenishika mkono?"

Madirisha yakafungwa polepole; hata umbea una mipaka yake. Mshonaji akageuka aende ndani, akakumbuka ndani ni kwa nani. Akabaki katikati ya uwanja, simu mkononi, mumewe bado anaita "haloo, haloo."

Mama Baridi akaichukua, akaizima.

"Usisimame juani kama nguzo. Matusi yako nimeyasamehe, mengine tutatukanana kesho. Ingia kwangu, chakula kimeiva. Utalia ukishashiba."