Maneno Yasiyomwingia Kavetsa

Nekesa alikuwa akimwogesha mtoto wake Kavetsa kwenye karai, mlangoni mwa chumba chao katika mtaa wa West Indies, alipoona neno likianguka majini. Alikuwa amesema "mama," kama alivyosema kila asubuhi. Neno lilifika karibu na sikio la mtoto, likazunguka kidogo kama mgeni asiyefunguliwa mlango, kisha likashuka na kuelea juu ya povu. Lilikuwa jembamba, la kahawia. Kwa kuwa aliuza vitunguu sokoni, Nekesa alidhani ni ganda la kitunguu. Alilitoa, akasema tena. La pili nalo likaanguka.

Alipokuwa mchanga zaidi, Kavetsa aliguna na kubwabwaja kama watoto wengine. Siku hizi sauti yake ilikuwa ikififia, kama redio inayoishiwa na betri.

Jioni mumewe, Mulongo, alirudi kutoka Turbo alikokuwa akipakia mahindi kwenye malori, akakuta maneno yamejaa hadi chini ya kitanda.

"Haya ni ya nani?"

"Ya Kavetsa. Namwongelesha, hayaingii."

Mulongo aliokota moja, akaliweka sikioni. Lilisema "lala mtoto" kwa sauti ya mkewe.

"Basi mpeleke kliniki," alisema, akavua viatu.

Kule kliniki, sista alimpokea kwa upole. "Mama, watoto hawafanani. Mwingine huchelewa tu. Mlete akifika miaka miwili, kama bado haongei."

"Lakini hasikii, sista. Angalia hapo chini."

Sista aliangalia. Maneno ya akina mama waliokaa kwenye mabenchi yalifika vifundoni. Mfagizi alikuwa akiyasukuma nje kwa ufagio mpana, nayo yakinong'ona njiani: njoo, cheka, huyo baba.

"Hayo yako kila siku," sista alisema.

"Na hakuna mashine ya kupima masikio?"

"Iko." Alionyesha mlango uliofungwa kwa kufuli. "Iko kwa katoni. Tunangoja mgeni rasmi aje akate utepe."

Nekesa alimfunga Kavetsa mgongoni, akarudi nyumbani. Njia nzima hakusema kitu, kwa kuogopa kuchafua barabara.

Amina, jirani mwenye duka, alimkuta ameketi kimya na mtoto mapajani. Mdogo wake Amina, Nur, alizaliwa bila kusikia, na wote kwao waliongea naye kwa mikono.

"Mama Kavetsa, usinyamaze," Amina alisema. "Ongea, lakini kaa mbele yake penye mwanga, akuone. Na umwonyeshe. Maziwa ni hivi." Alikunja na kukunjua ngumi, kama mtu anayekama ng'ombe.

Nekesa alifanya vile vile. Neno lilitoka mkononi, nono na jeupe kama donge la unga. Halikuanguka. Kavetsa alilitazama, akalidaka, akalitia mdomoni, kwa sababu alikuwa katika umri wa kutia kila kitu mdomoni. Akacheka kwa sauti. Nekesa alilia kidogo, kisha akaenda kumchemshia maziwa.

Maembe yalikuwa yameanza kuonekana sokoni wakati Kavetsa, akiwa amekaa kwenye mkeka, alipomtazama baba yake na kukunja kingumi chake. Neno lake la kwanza lilikuwa dogo, limepinda, limelowa mate. Mulongo alilipokea kwa mikono miwili na kukaa nalo mpaka chai ikapoa.

Nekesa alipompeleka chanjo, alimwambia sista, "Anaongea sasa. Kwa mikono."

"Unaona?" sista alisema kwa furaha. "Si nilikwambia huwa wanachelewa tu?"

Mashine ilikuwa bado kwenye katoni. Utepe wa kwanza ulikuwa umepauka, ukanunuliwa mwingine. Mfagizi alikuwa ameshindwa, akaacha, na maneno sasa yalifika magotini. Ila mabenchi yalikuwa yameinuliwa juu ya matofali, akina mama wakae vizuri.