Namba ya Jiwe la Mzee Mbaruk

Mzee Mbaruk, muuza vitenge wa Bagamoyo, aliingia hospitali kwa heshima zake zote: amebebwa na wanaume wawili, huku akipiga mayowe ambayo majirani wanaapa yalifika Kaole. Picha ikaonyesha jiwe dogo kama punje ya mchele, limenasa kwenye mrija unaoshuka kutoka kwenye figo. Asubuhi, sindano zilipomtuliza, akajikongoja hadi dirishani kwa Biubwa, karani anayeyapa magonjwa namba zake kabla faili halijaenda bima.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Jiwe langu umelipatia namba gani?"

"N20.1. Jiwe la mrija wa figo."

"Hamna nzito zaidi?"

Biubwa akamkodolea macho. Wengine huomba ugonjwa upunguzwe. Huyu alikuwa anapandisha bei.

Mzee akajieleza. Bintiye Wafaa ni muuguzi Maskati. Tangu aende hajarudi hata kwa Idi, ila ameahidi kuja baba akiumwa sana. Sasa, namba hizo ni zilezile huku na kule, na Wafaa haamini kitu kingine, tangu siku baba alipomlilia kwamba ni moyo, kumbe kiungulia.

"Basi niandikie na maumivu, yawe na namba yao."

"Hayaandikwi, babu. Chanzo kikishajulikana, maumivu yanahesabiwa humohumo ndani ya jiwe."

"Mayowe yote yale?"

"Yote."

"Na figo kufa, je?"

"Figo yako inachapa kazi kuliko mimi. Kanywe maji."

Mzee akamtumia Wafaa hiyo N20.1 kama ilivyo, kwa uso wa mtu anayetia saini talaka. Simu ikaita papo hapo.

"Alhamdulillahi, baba! Hilo dogo, litatoka lenyewe."

"Najua. Nilikuwa naomba lisiwe dogo. Wafaa, nimechoka kukuona kwenye kioo cha simu. Nataka nikusikie jikoni, unagombana na sufuria."

Ikaja sauti ndogo, isiyo ya muuguzi hata kidogo:

"Chumba changu mmekijaza marobota ya vitenge?"

"Aa, wapi! Kitupu kabisa!" akasema mzee, ambaye marobota yake yalikwishagusa dari. Akamgeukia Biubwa. "Niruhusuni niende."

"Babu, jiwe halijatoka!"

"Litatokea njiani. Mimi nina marobota ya kuhamisha."