Pua za Ukuta

Alhamisi ya tarehe tisa Aprili, saa tatu na robo asubuhi, ukuta nilioujenga kwa mikono yangu uliangukia jiko langu, na mke wangu yumo ndani. Watu husema milima haikutani. Kilima chetu hakikutafuta mwenzake. Kilishuka kukutana na mama watoto, naye anaosha vyombo.

Mimi ni fundi mawe. Shule niliishia darasa la nne, lakini kilima kile nakisoma. Kilikuwa kinatembea, pengine unene wa kidole kwa mwaka. Miti ya mteremkoni ilipinda shinani kama goti, kwa sababu udongo unaivuta chini nayo inataka kusimama wima. Nguzo za uzio zote zililalia upande mmoja, kama walevi wanaosindikizana. Mvua ikinyesha udongo huvimba, jua likiwaka husinyaa, na kila unaposinyaa unatua chini kidogo ya pale ulipokuwa. Huwezi kuuambia simama. Unachoweza ni kuupunguzia maji, maana maji ndiyo uzito wake.

Kwa hiyo nilipojenga ukuta wa kukizuia, nilijaza kokoto kwa nyuma, mbele nikaacha matundu thelathini na sita. Mke wangu aliyaita pua za ukuta. Mvua zilipoanza, pua zikatoka kamasi, njia ikawa tope.

Mwenyekiti wetu wa mtaa akaja na kamati yake, akayatazama matundu, akahutubia: "Ndugu zangu, usipoziba ufa utajenga ukuta." Wakampigia makofi. Mimi nilikuwa kazini mji jirani. Jumatatu ya wiki ile mke wangu akanipigia simu.

"Baba watoto, ukuta wako wameuziba pua. Zote, kwa saruji."

"Nani kawaambia?"

"Methali."

Alikuwa anacheka. Nikamwambia nitakuja Jumamosi na nyundo na tindo, niyazibue matundu. Mvua ikanyesha siku tatu mfululizo, maji yakakosa pa kutokea. Jumamosi yangu haikufika.

Miezi saba baadaye mhandisi alikuja na mchoro wa ukuta mpya. Binti mdogo, tope hadi kwenye vifundo, na hilo likanipa imani kidogo.

"Mzee, nimeambiwa wewe unakijua hiki kilima."

"Na chenyewe kinanijua."

Kikao kikaitwa. Mwenyekiti akasema, "Fundi, safari hii punguza matundu. Watu wanalalamikia tope."

"Mwenyekiti, wewe ukishikwa na mafua huwa unaziba pua kwa saruji?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Bila matundu mimi sisaini," mhandisi akasema.

"Nami sishiki mwiko," nikasema, "mpaka niambiwe nani aliagiza yazibwe."

Mwenyekiti akamtazama katibu. Katibu akatazama daftari lake kana kwamba limeanza kuongea. "Ilikuwa kamati," akasema.

"Kamati ina mdomo wa nani?"

Katibu akafunga daftari. Wakubwa hawa, sifa zina mwenyewe, lawama ni za kamati.

Binti yangu ndiye aliyenisogelea. Anakaa nyumba ya tatu kutoka lilipokuwa jiko letu, na wanawe wawili wanalala chumba cha nyuma, upande wa kilima. "Baba, jenga," akaninong'oneza. "Jibu la mama tutalidai. Lakini jibu halizuii udongo."

Nikajenga. Mawe nilichagua mwenyewe, moja moja, na timazi sikumwachia mtu. Matundu nikayafanya arobaini na nane, na juu ya kila moja, mota ikiwa bado mbichi, nikaandika kwa msumari: HILI SI UFA. Mhandisi akasoma, akasaini mchoro wake, akaniomba ule msumari akaandika nao tarehe ukutani.

Mvua ya kwanza ilipopiga, pua zote arobaini na nane zikatoa maji. Nikakaa mlangoni kwa binti yangu nikizihesabu, wajukuu wanarukia tope. Ukuta ule utanizika mimi, tena kwa heshima, nikiwa nimezeeka kitandani.

Mwenyekiti akapita, kashikilia suruali isilowe. Akasimama, akasoma tundu la kwanza, la pili, la tatu.

"Fundi, haya maandishi yanamsema nani?"

"Na mimi ndicho ninachokuuliza, mwenyekiti. Nani?"