Mvua Ndani ya Ekseli

Mpimaji alivaa hedifoni, akagusisha kifaa chake kwenye ekseli ya winchi, na makelele ya kiwanda yakazama kama jiwe kisimani. Ukabaki mchakarisho mwembamba, mithili ya mvua inayonyesha mbali, juu ya mchanga. Alijua ni nini. Ndani ya chuma mna vyumba vidogo mno, kila kimoja na upande wake wa sumaku. Sumaku ya kifaa ikigeuzwa huku na huku, navyo hugeuka kwa kurukaruka, kama watu wanaojigeuza usingizini. Chuma kilichochoka hujigeuza kwa namna nyingine, hata kabla ya ufa kutokea.

Alasiri ile ekseli hiyo ingebeba chungu cha chuma kilichoyeyuka, juu ya vichwa vya watu. Mwendesha winchi alikuwa mume wa mdogo wake.

"Shemeji, unapima au umelala?" akamchokoza.

"Nyamaza, nisije nikapima kichwa chako nikakuta mwangwi."

Msimamizi wa kiwanda, aliyesimama kando yao, hakucheka. Tanuru lilikuwa limeshawashwa.

Katikati ya ekseli mvua ikafifia ghafla. Mpimaji akarudia, ikafifia palepale.

"Hapa mliweka nini?"

Shemeji akajikuna shingo. "Sumaku ya spika mbovu, ya kunasia spana zisidondoke. Nimeitoa asubuhi, si nilijua mgeni anakuja?"

"Umefagia, vumbi umeliacha."

Sumaku ile ilikuwa imeacha athari yake ndani ya chuma, nayo huweza kumdanganya mpimaji. Akapitisha koili ya umeme juu ya pale, akaiondoa polepole mpaka chuma kikaisahau sumaku ile. Aliposikiliza tena, mvua ilinyesha sawasawa.

"Kapona!" Shemeji akapiga makofi. Msimamizi akainua redio awaite watu wa tanuru.

"Sijamaliza," alisema mpimaji.

Akasogea hadi kwenye bega, pale ekseli inapopungua unene kuingia kwenye beringi. Mvua ikawa nzito, ya kukwamakwama. Kwa kitambo akajiona yumo katika ujia mrefu wa kijivu, na nyuma ya kila mlango mtu anajaribu kugeuka, hawezi. Akapitisha koili. Sauti haikubadilika; hii haikuwa athari ya sumaku, chuma chenyewe kilikuwa kimechoka. Akalipima bega la upande wa pili: mvua nyepesi. Akarudi kwenye bega la kwanza, akalitazama kwa lenzi: chuma laini, hakina hata mkwaruzo.

"Ufa uko wapi?" aliuliza msimamizi.

"Haujazaliwa."

"Basi tunyanyue leo, kesho tubadilishe ekseli."

"Hauna miadi na wewe. Unaweza kuzaliwa leo."

Akavua hedifoni, akamvika shemeji yake. Akamsikilizisha bega zima, kisha lile jingine. Sikio lisilofunzwa si ushahidi, na namba kwenye skrini ya kifaa zilitosha. Lakini kiti cha winchi kilikuwa cha shemeji. Shemeji alifumba macho, akasikiliza, akamrudishia hedifoni. Kisha akaenda kwenye kibanda chake, akachomoa ufunguo, akamkabidhi msimamizi.

"Zima tanuru, bosi."

"Kwa mlio tu?"

"Mdogo wake ndiye mke wangu. Nikimbishia huyu, leo nitalala wapi?"

Alitania, lakini uso wake ulikuwa umepauka. Msimamizi aliutazama ufunguo kiganjani, akaitazama ekseli, kisha akasema neno moja kwenye redio. Chini, feni ya tanuru ikaanza kupunguza mwendo. Mpimaji akalizungushia bega chaki nyekundu, akavaa tena hedifoni. Ekseli ya pili ya winchi ilikuwa bado haijapimwa.