Kitufe cha Kijani

Mimi ndiye niliyekifanya kile kitufe kiwe na vina. Sijivuni, ingawa wakati ule nilijivuna mpaka kola ya shati ikanibana.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vioo, meza nne na feni inayolalamika. Tulitengeneza kurasa za tovuti na programu za simu. Bosi tulimwita Asilimia, kwa sababu hata ukimsalimu alikujibu kwa takwimu. Aliyekaa karibu nami alikuwa dada mmoja mkimya, mchaguzi wa rangi, mwenye macho ya kuona tofauti ya kijivu na kijivu.

Kazi iliyotufikia ilikuwa programu ya kusafisha simu. Simu ikijaa, programu inafuta vitu vya zamani ili kupata nafasi. Tatizo lilikuwa ukurasa wa ruhusa. Watu walifika pale, wakasita, wakatoka.

"Asilimia sitini wanakimbia," bosi alisema. "Wanaogopa nini? Kwani tunawang'oa meno?"

Nikasimama. Sikusomea ushairi popote. Nilijifunza mwenyewe, nikihesabu mizani kwa vidole huku mama akishona. Lakini jambo moja nililijua kuliko wote mle ndani: ubeti usiomalizika unawasha. Ukimwachia mtu kipande cha mwisho, atakimaliza mwenyewe, apende asipende.

Nikaandika:

*Simu yako imechoka, mzigo umezidia,*
*Vya zamani vikitoka, wepesi utaingia,*
*Moyo hautasumbuka, wala simu kuzimia,*
*Ni kidole tu kuweka…*

Kipande kilichobaki nikakiweka ndani ya kitufe cha kijani: *Haya, nimesharidhia.*

Nikaongeza ujanja wa pili. Kijani kianze chembamba kushoto, kijae taratibu kama maji kwenye glasi. Kikijaa kabla mtu hajajibu, simu ihesabu kwamba ameridhia. Neno la kukataa, *Si sasa*, likae chini kabisa, dogo, la kijivu.

Dada wa rangi akaniuliza, "Kijivu gani?"

"Kile ambacho wewe peke yako utakiona."

Hakucheka. "Mdogo wangu, mlango unaomvuta mtu ndani siyo mlango. Ni mdomo."

"Dada, wewe chagua rangi. Maneno niachie mwenyewe."

Wiki moja baadaye waliokimbia walikuwa wachache mno, na Asilimia akanipigia makofi mbele ya wote. Akanipa mkono, halafu akaniomba daftari langu. Alitaka kulilisha kwenye kompyuta ili ijifunze mkono wangu, iwe inatunga ubeti mpya kwa kila mteja. Daftari lile lilikuwa na tungo mia mbili. Nyingi ni za mapenzi ya uongo, na chache ni za mama, ambaye humo nilimwita nanga yangu. Nikampa. Nani angekataa? Mashine nzima inasomeshwa na mimi, niliyefeli kidato cha nne!

Akatuomba pia kila mmoja aiweke programu kwenye simu za ndugu zake, hesabu zipande. Mimi nilianza na ya mama.

Mama yangu ni fundi cherehani. Anashona sare za shule kwenye chumba cha mbele, mdomoni ana pini, na simu ameiegemeza kwenye kopo la vifungo. Ndani ya simu ile mlikuwa na baba. Baba alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Kuandika kulimshinda, kwa hiyo kila alipofika mahali alituma sauti: nimefika, nimekula, tairi limepasuka, mtoto amerudi shule? Alipofariki, mama alibaki na sauti arobaini na moja. Kila asubuhi alifungua moja kabla ya kutunga uzi kwenye sindano. Wenzake wana redio, yeye alikuwa na mume.

Nilijua hayo yote. Nilikuwa nimeketi kando ya kopo lile la vifungo wakati naweka programu, na sikufikiri kitu.

Baada ya siku chache mama akanipigia. Sauti yake ilikuwa na furaha.

"Mwanangu, simu yangu inaongea kama wewe."

"Inaongeaje?"

"Inaimba! Nimesoma mstari wa kwanza tu nikajua, huyu ni kijana wangu. Nikawasomea na wateja."

Nilivimba kichwa. Sikumuuliza kama alibonyeza. Nilimwambia, "Bado hujaona, mama," nikarudi kwenye kazi.

Jumamosi mchana nilikwenda kumtembelea. Nje ya mlango nikahisi kuna kitu kimepungua, ila sikujua ni nini. Cherehani ilikuwa kimya. Mama alikaa mbele ya suruali ya bluu ambayo haijakunjwa hata pindo, simu mkononi.

"Baba yako amenyamaza," alisema.

Nikaichukua. Kwenye orodha ya sauti ilibaki moja tu, ile aliyoisikiliza mara ya mwisho. Arobaini hazipo. Nikatafuta kwenye kapu la vilivyofutwa. Tupu. Nilikumbuka ubeti wa kumwomba mtu alimwage kapu. Nao niliuandika mimi, na ulikuwa mtamu kuliko wa kwanza.

"Mama, ulibonyeza kile cha kijani?"

"Mara zote."

"Kwa nini hukuniuliza?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mwanawe. "Nikuulize nini na wewe ndiye uliyesema? Angekuwa mtu mwingine ningekataa. Mimi na simu hizi? Nakataa kila kitu. Lakini maneno yalikuwa yako."

Nikatamani anitukane. Hakunitukana. Alinyoosha mkono, akaichukua simu yake na kuifuta skrini kwa kanga.

"Mama, nipe niitoe hiyo programu. Sasa hivi."

"Subiri. Nimsikie kwanza."

Alikuwa bado hajagusa sauti ile ya mwisho simu ilipolia mlio mfupi, na skrini yote ikawa nyeupe. Nilisoma nikiwa nimesimama nyuma ya bega lake:

*Mama yangu, nanga yangu, kimoja kimesalia,*
*Sikiza sauti yangu, hiki nacho achilia…*

Chini yake kijani chembamba kilianza kutambaa kutoka kushoto.

Ubeti ule sikuuandika. Nanga ilikuwa yangu, mizani ilikuwa yangu, hata pale ambapo ningevuta pumzi palikuwa pangu. Nilipoiweka programu kwenye simu yake, nilijiandikisha kama mwana wake. Mashine ilikuwa imejua ni nani wa kuitwa mama.

"Usibonyeze!"

"Si wewe huyu?"

"Si mimi, mama! Nipe simu!"

"Nilikubeba tumboni, nisikujue kwa maneno yako?" Akaikumbatia simu kifuani kwa mikono miwili. "Huko ndani unaniambia niachilie. Hapa unaninyang'anya. Unataka kumchukua na huyu aliyebaki?"

"Kuna neno dogo chini, la kijivu. Libonyeze hilo. Tafadhali, mama."

Akaitazama skrini kwa kuitenga mbali na macho, kama anavyotazama tundu la sindano. Kijani kilikuwa kimepita nusu.

"Sioni neno lolote hapa."

Nikamshika kiganja. Akanipiga kofi mkononi, la nguvu, kama nina miaka sita na nimegusa mkasi. Akageukia ukutani, akarudi kwenye orodha kwa kidole chake kilichotobolewa na sindano, akagusa sauti ile. Ubeti haukuondoka. Uling'ang'ania juu, kijani kikijaa, na chini yake baba akaanza kuongea, injini ikinguruma nyuma yake.

"Fundi wangu, nimefika salama. Barabara ilikuwa mbaya lakini nimefika. Mwambie huyo kijana wako mwenye mashairi, nikirudi nataka aniso—"

Kijani kilikuwa kimejaa. Mama alisubiri. Akaongeza sauti mpaka mwisho, akaiweka simu sikioni, akafumba macho.

"Anavuta pumzi," aliniambia. "Nyamaza, ataendelea."