Wimbo Uliolazwa Zagayu

Alhamisi, zikiwa zimebaki siku mbili binti yake aolewe, Maximiliana alikuwa barazani anashona gauni la mama wa bwana harusi, ndipo aliposikia redio ikimvua nguo hadharani.

Miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa, Bariadi iliingiwa na mengi: wanunuzi wa pamba wenye malori yao, marobota ya mitumba, soda za kopo, na redio za watu binafsi zenye watangazaji wanaocheka kabla hawajasema kitu. Mwaka huo wa 2000 bendi moja ya Mwanza ilikuwa imeuchukua wimbo wa zamani wa mbina, ngoma zetu za mashindano, ikautia magitaa, na watu kutoka Musoma hadi Tabora wakawa wanaimba habari za samaki na mtama kwa furaha kubwa na akili kidogo. Wimbo wenyewe ulitungwa Zagayu mwaka 1980 na manju aitwaye Bujiku. Ukiutoa kwenye Kisukuma ulisema hivi: kwetu hatuna ziwa, mbona chungu kinanukia samaki? Mtama wa wenzetu bado kijani, wa kwetu umekwisha kuiva. Lisifuni jembe.

Wapishi waliuimba wakisonga ugali wa harusi. Walimu waliwaimbisha watoto siku ya wakulima. Naye Maximiliana alikuwa ameucheza kwa miaka ishirini, tena akiwa wa kwanza kuingia uwanjani na wa mwisho kutoka.

"Mzee, tufumbulie," mtangazaji alisema, huku akicheka.

Sauti ya Bujiku ilikohoa. "Huu siyo wimbo wa chakula, bwana. Kijana mmoja alikwenda vita vya Kagera, mkewe akabaki. Samaki ni mtu wa ziwani. Mtama ni mtoto. Mume aliporudi, mtoto hakungoja kutimiza miezi yake."

"Alaa! Na huyo mama ni nani?"

"Majina hayaimbwi."

Violeth, fundi mwenzake, aliachia mkasi akapiga makofi. "Mama Joyness, umesikia? Tumepasua makoo miaka yote na masufuria mkononi, kumbe watu walikuwa wanasemana!"

Maximiliana alicheka. Alicheka vizuri tu, huku sindano ya cherehani ikiwa imemwingia kidoleni na damu inachafua ukosi wa gauni la watu.

Maana mama huyo alikuwa yeye.

Hakuwa mjinga, msimfikirie hivyo. Alizaliwa Mwamanyili, akalelewa na masista, na alipoolewa na Mayige huko Zagayu mwaka 1978, Kisukuma chake kilikuwa cha kuombea maji na kuamkia wakwe. Mafumbo ya manju aliyasikia kama mtu anavyosikia ibada ya Kilatini, anaitikia mahali wenzake wanapoitikia. Ndoa haijamaliza mwaka, Mayige akachukuliwa vitani. Mwezi wa nne habari ikaja kwamba kikosi chake kimekwisha chote. Maximiliana alivaa nguo za msiba akarudi kwao. Leonidas, mchuuzi wa samaki wa Lamadi, akawa anapita na baiskeli yake kumpa pole, na pole zikazidi. Mwezi wa nane Mayige akatokea mlangoni, amekonda, mzima, akamrudisha Zagayu. Joyness alizaliwa mwezi wa tatu uliofuata. Mtoto njiti, Maximiliana alisema, na hakuna aliyembishia. Leonidas alihamia Geita akafia huko, na Maximiliana akaamini kwamba siri ile imefukiwa pamoja naye.

Sasa ilikuwa redioni. Jumamosi Mayige alitakiwa kusimama mbele ya pande mbili, amshike Joyness mkono na kutamka kwamba huyu ni mwanangu, nawapa kwa moyo mweupe. Kama angejua kabla ya hapo, nani angesimama? Joyness angebaki na shela lake katikati ya uwanja, hana baba, na watu wa bwana harusi wanahesabu miezi kwa vidole.

Jioni Mayige alirudi kutoka kwenye mashine yake ya kusaga, mweupe kwa unga mpaka kwenye kope, anapiga mluzi. Alikuwa anaupiga wimbo uleule.

"Umesikiliza redio leo?" Maximiliana aliuliza, mgongo ukiwa umemwelekea.

"Mashine ikinguruma nasikia nini? Kuna nini?"

"Basi tu. Matangazo ya pamba."

Mayige alinawa mikono. "Halafu nimemwalika Bujiku mwenyewe. Hao vijana wenye spika watapiga usiku. Mchana nataka mtu."

Maximiliana aliitua sufuria. "Wa nini Bujiku? Mzee yule hana hata sauti."

"Kwa ajili yako, mke wangu. Ni nani aliyesahau ulivyoucheza ule wimbo? Mtoto mgongoni, vumbi mpaka kiunoni!" Alisema kwa upendo kabisa, na Maximiliana akageuka kukoroga mboga iliyokwisha kuiva.

Hakulala. Ijumaa asubuhi alidanganya kwamba anafuata kuku wa harusi, akadandia pikapu ya Zagayu. Njia nzima alikuwa anakumbuka jambo moja, aliloambiwa na mama mkwe enzi hizo, naye akaliweka kando kama mambo ya wengine. Mtu akiguswa na wimbo wa manju hagombani wala haendi kushtaki. Anatoka uwanjani wimbo ukiwa unaimbwa, watu wakamwona. Au anampelekea manju mbuzi kimya kimya, na wimbo unalazwa. Ukishalazwa, manju hauimbi tena hata aombwe na mkuu wa mkoa.

Mbuzi alimnunua palepale Zagayu, jike jeusi lenye kelele. Alimkuta Bujiku amekaa kwenye kigoda anachonga mpini.

"Mwadila, baba," aliamkia kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu," alijibiwa, kwa lile neno lao la mama. Mzee alimwangalia yeye, akamwangalia mbuzi, kisu kikasimama. "Huyo ni wa ngoma ya kesho? Mayige ameshaniletea malipo yangu."

"Siyo wa kesho. Ni wa ule wimbo wa samaki."

Bujiku aliuweka mpini chini. Uso wake haukuonyesha ushindi, na hilo lilimtisha Maximiliana zaidi, kwa sababu alikuja amejiandaa kuchekwa.

"Miaka ishirini," mzee alisema. "Nimeuimba mbele yako Zagayu, nikauimba Bariadi, hujatoka uwanjani hata siku moja. Kwa nini leo?"

"Nilikuwa sielewi unachoimba. Jana ndiyo nimeelewa."

"Hilo ungebaki nalo mwenyewe." Alikiweka kisu chini. "Mayu, sikiliza. Mchukue mbuzi wako urudi naye. Kesho mimi nitaimba, wewe utacheza kama siku zote. Harusi itakwisha, tutakula, tutalala."

"Nicheze? Nicheze aibu yangu mbele ya mume wangu?" Sauti ilimpanda. "Nani alikupa habari zangu?"

"Mwenye habari hatajwi. Manju akimtaja, hataletewa habari tena."

"Basi na mimi nimefuata utaratibu wenu. Ulaze."

Mzee aliinuka kwa kushika magoti, akaichukua kamba mkononi mwa Maximiliana taratibu, kama anayempa nafasi ya kuing'ang'ania. Maximiliana hakuing'ang'ania. Bujiku akamfunga mbuzi kwenye mti wa zizi. "Wakiniomba," alisema, "nitajibu kwamba umelazwa. Jina sitasema. Lakini uongo sisemi."

"Jibu utakavyo," alisema Maximiliana, akarudi Bariadi na kuku watano na usingizi wake.

Jumamosi jua lilikuwa kali na watu wengi. Joyness alikaa chini ya turubai pamoja na Mihayo, bwana harusi wake. Msichana alikuwa mrefu, mwembamba, mcheshi, hafanani na ndugu yeyote wa Mayige, na siku hiyo mama yake aliona kila jicho linaliona hilo. Watu wa bwana harusi walikwisha kula. Ng'ombe walikwisha kupokelewa tangu mwezi uliopita. Lilibaki neno la baba tu, na kabla ya neno la baba, ngoma.

Bujiku aliimba nyimbo mbili, sauti ikiwa imebaki nusu lakini ile nusu bado ina makali. Kisha vijana wakaanza: "Samaki! Samaki!" Violeth alikuwa mbele yao, chupa ya soda juu, hana habari na moto anaouchochea. "Mzee, tupe samaki, sasa tunaujua!"

Maximiliana alimtazama manju. Alikuwa ametulia. Mbuzi alikuwa amefika.

"Huo siuimbi," Bujiku alisema.

"Kwa nini?"

"Umelazwa. Mbuzi wake ameletwa."

Vijana wa mjini walizomea wakidhani ni maringo. Lakini wazee wa Zagayu, waliokaa upande wa kivuli, waliacha kutafuna. Mmoja alimwinamia mwenzake. Minong'ono ikaenda upande wa bwana harusi, ikarudi. Mama wa Mihayo alikuwa ameuelekeza uso wake kwa Joyness, anamtazama kama anayemwona leo.

Mayige aliuliza polepole, "Ameletwa lini?"

"Jana."

Jana. Maximiliana alimwona mume wake akigeuka, macho yakipita juu ya watu wote mpaka yakamfikia yeye, aliyekwenda jana kufuata kuku. Hapo Maximiliana naye akaelewa kabla hajaambiwa. Alielewa ni nani aliyempa Bujiku habari.

Mayige alikuja akachuchumaa kando ya kiti chake. Kwa mbali ungedhani mzee anamnong'oneza mkewe jambo la vinywaji.

"Ni mimi niliyempelekea," alisema. "Nilirudi kutoka vitani nikasikia maneno. Ningekuuliza, ungekataa, na mimi nisingeamini. Nikamwambia Bujiku, tunga wimbo, uuimbe mbele yake. Akitoka, ni kweli. Akileta mbuzi, ni kweli. Akicheza, sitauliza maisha yangu yote." Alishika mguu wa kiti. "Ulicheza, Maximiliana. Ulicheza na mtoto mgongoni, unacheka. Nikasema, watu ni waongo, huyu mtoto ni wangu. Miaka ishirini nimelala usingizi kwa sababu ya miguu yako."

"Nilikuwa sijui maneno yake," Maximiliana alisema, na alipojisikia akisema hivyo alitamani aufumbe mdomo wake kwa mkono. Kila alichosema kilikuwa kinamchimbia shimo refu zaidi. "Walisema umekufa. Mayige, walisema kikosi kimekwisha."

"Najua walichosema."

Pale chini ya turubai Joyness alisimama. "Baba? Kuna nini?"

Mayige aliangalia chini. Jasho lilimtoka shingoni likaingia kwenye ukosi wa suti aliyoazima kwa ajili ya siku hiyo. Maximiliana alijua kwamba kila kitu, mtoto, ndoa ya mtoto, jina lake, kilikuwa ndani ya kifua cha mtu huyu aliyechuchumaa.

Kisha Mayige aliinuka. Hakuwa mwimbaji, kanisani alikuwa akifungua mdomo tu. Alikwenda mpaka katikati ya uwanja na kuuanzisha mwenyewe ule wimbo, kwa sauti mbovu iliyopasuka. Kwetu hatuna ziwa, mbona chungu kinanukia samaki? Vijana walilipuka kwa shangwe. Wazee wa Zagayu walitazamana: kama mwenye nyumba mwenyewe anauimba, basi mbuzi alikuwa wa mtu mwingine huko Zagayu, wenye siri hawakosekani. Mmoja akaanza kutafuna tena. Mama wa Mihayo akapiga kigelegele cha kwanza.

Mayige alimnyooshea mkewe mkono. Macho hayakuwa na upendo wala chuki. "Inuka," alisema chini ya makelele. "Mtoto anatazama."

Maximiliana aliinuka. Aliingia uwanjani, akacheza wimbo ule kwa mara ya kwanza akijua kila neno. Mtama wa wenzetu bado kijani, alizungusha mabega. Wa kwetu umekwisha kuiva. Alipiga mguu chini. Alitabasamu mpaka mashavu yakauma, kwa sababu Joyness alikuwa amekaa tena, anacheka na kupiga makofi, akiwaonea fahari wazazi wake.

Wimbo ulipokwisha, Mayige alimwendea binti yake na kumshika mkono. Alisema kwa nguvu, wote wasikie, "Huyu ni mwanangu. Nawapa kwa moyo mweupe." Kisha akaenda kukaa kwenye benchi la wazee wa Zagayu, akaomba maji, na kiti kilichokuwa kando ya mkewe kilibaki wazi mpaka wageni walipoondoka.