Kikombe Kilichotoka Nje

Mwanangu alikuwa na vijidudu ambavyo dawa tatu zilikwisha kuvipitia bila kuvitikisa. Ndiyo maana tulilazwa peke yetu, chumba cha pembeni chenye dirisha la kioo linalotazama wodini, na kila kilichoingia humo kilitakiwa kubaki humo, hata kikombe nilichomnyweshea maziwa niliyokamua.

Mama mkwe alikuja kunipokea zamu. Nikapitiwa na usingizi. Nilipofumbua macho, hayupo, na kikombe hakipo.

Nikaruka hadi dirishani. Kule wodini alikuwa ameinamia beseni moja la maji ya sabuni, vikombe vya wazazi wote vimemzunguka.

"Wasichana wa siku hizi mnaosha vyombo kama mnavibembeleza," aliwatania. "Leteni hapa!"

Wakacheka. Mama wa kitanda cha karibu, ambaye mtoto wake alizaliwa kabla ya siku zake, alikwisha kurudishiwa kikombe chake. Akamimina humo maziwa aliyohangaika kuyakamua tangu asubuhi.

Nikagonga kioo. Hakuna aliyegeuka. Nikashika kitasa cha mlango, nikakiachia: kwa gauni lile nililompakatia mwanangu na mikono ile, ningevitoa vijidudu mwenyewe. Mama mkwe ni mtu wa kuambiwa taratibu, faraghani. Nafasi hiyo sikuwa nayo, nikapiga kelele.

"Mama, acha! Dada, usimnyweshe! Kimeoshwa pamoja na cha kwangu!"

Wodi nzima ikageuka. Kikombe kikasimama karibu kabisa na mdomo wa kile kichanga.

"Unanifokea, mwanangu? Mbele za watu?"

"Nisamehe, mama. Vijidudu vya mjukuu wako havisikii dawa. Vikimpata yule, atatibiwa na nini?"

Jirani aliyatazama maziwa yake. Akayamwaga.

Muuguzi akaja mbio, akakusanya vikombe vyote na beseni, akampeleka mama mkwe kwenye sinki. Alinawa hadi viwikoni, hanitazami. Nikajisemea, basi, nimeshamkosa.

Alipomaliza akamwendea jirani, akasimama mbali kidogo, mikono kaificha mgongoni.

"Nimekumwagisha, mwanangu. Nikuletee nini ule, maziwa yarudi?"

"Chochote cha moto, mama."

"Na kikombe kipya. Nitakinunua, ila sikigusi, atakupa muuguzi."

Kisha akaja dirishani. Macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ile ile ya utani.

"Na wewe, mpiga kelele, utakula nini?"